Kusukuma Wiki: Lugha na Uchumi wa Kaya za Nairobi Wakati wa Janga la Korona

Utangulizi

Mboga inayoliwa zaidi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini nchini Kenya haikupewa jina kwa kuzingatia rangi yake, umbo lake wala mahali ilikotoka. Iliitwa sukuma wiki. Kisarufi, jina hilo ni kirai kitenzi kilichogeuka nomino: kitenzi sukuma pamoja na yambwa yake, wiki. Jani lenyewe halitajwi. Kinachotajwa ni kazi linayoifanya, nayo ni kuifikisha kaya mwisho wa juma. Yeyote yule aliyeanzisha jina hilo alifahamu jambo ambalo vitabu vya uchumi hulieleza kwa kurasa nyingi, kwamba shida ya mkaazi maskini wa mjini si uchache wa pesa peke yake, bali pia ni kule kukosekana kwa pesa katika siku mahsusi zinapohitajika.

Makala haya yanachunguza jinsi kaya za Nairobi zilivyokabiliana na msukosuko wa kipato kuanzia Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Korona alipotangazwa nchini Kenya, hadi Januari 2021, shule zote zilipofunguliwa. Yanaingia katika mada hiyo kupitia mlango wa msamiati. Maneno kama kibarua, kadogo, kuandikiwa, fuliza na Njaanuari yamezoeleka mno hata mwanafunzi wa Kiswahili huyapita bila kuyasaili, ilhali ndiyo yanayohifadhi maarifa ya watu kuhusu namna ya kuishi bila uhakika wa kesho. Yakichunguzwa pamoja, maneno hayo yanadokeza kwamba kilichoadimika zaidi katika kaya hizo wakati wa janga kilikuwa muda. Aidha, yanasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo hotuba na ripoti nyingi ziliyachanganya kwa jina moja la ustahimilivu: mbinu zinazoinunulia kaya muda, na mbinu zinazouza kesho ili leo ipite.

Kalenda mbili katika nyumba moja

Neno kibarua ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa asili lilimaanisha barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akirudishe jioni apate ujira wake. Baadaye jina la cheti likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Kibarua basi ni mtu ambaye uhusiano wake na mwajiri hufa kila jua linapotua na hauna budi kuzaliwa upya kesho yake asubuhi. Hana mwisho wa mwezi. Ana mwisho wa siku tu.

Hata hivyo, nyumba anamolala ina mwisho wa mwezi. Kodi hulipwa kwa mwezi, karo kwa muhula, ilhali kipato huja kwa siku. Kaya moja hivyo huishi kwa kalenda mbili zisizolingana, na sehemu kubwa ya akili ya mama au baba wa nyumba hutumika kuzipatanisha. Kwa mujibu wa takwimu rasmi za Kenya za 2020, watu takriban milioni 14.5, ambao ni zaidi ya asilimia 83 ya walioajiriwa nje ya kilimo kidogo na ufugaji, walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Si wote waliolipwa kwa siku, lakini ni wachache miongoni mwao waliokuwa na mshahara unaoweza kutabirika.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwepo kabla ya amri za Machi 2020. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza tarehe 27 Machi. Msomaji asiyeufahamu mtaa anaweza kudhani kwamba kafyu ya usiku haimgusi mtu anayefanya kazi mchana. Ukweli ni kwamba mama mboga huuza zaidi katika saa zile ambazo wafanyakazi hushuka kwenye matatu wakielekea nyumbani, kati ya saa kumi na moja na saa tatu. Ili yeye mwenyewe awe ndani ifikapo saa moja, alilazimika kufunga kibanda wakati wateja ndio kwanza wanaanza kuonekana. Muuza chapati, mchoma mahindi na mchuuzi wa samaki wa kukaanga walipatwa na hayo hayo. Amri haikuwaondolea kazi. Iliwaondolea saa mbili au tatu, na hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Mama fua, wale wanawake waendao nyumba hadi nyumba au wakaao kando ya barabara wakisubiri kuitwa kufua, walipata pigo la namna nyingine. Waajiri wao walikuwa wakifanyia kazi nyumbani na waliogopa kumwingiza mgeni ndani. Hakuna aliyewafukuza kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaandika. Simu haikupigwa, basi. Nayo matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8 pekee, nauli ikapanda, na hata aliyeitwa kazini alijikuta akiacha sehemu kubwa zaidi ya ujira barabarani.

Athari ya mgongano huu wa kalenda hudhihirika vyema kwa hesabu ndogo ya kukadiria. Ichukuliwe kaya inayopata shilingi 500 kwa siku, siku sita kwa juma. Kwa majuma manne itapata shilingi 12,000. Ikilipa kodi ya nyumba ya shilingi 3,500, itabakiwa na shilingi 8,500, yaani takriban shilingi 283 kwa kila siku ya mwezi wa siku thelathini. Sasa kipato kipungue kwa nusu, kiwe shilingi 6,000. Kodi haipungui. Kinachobaki ni shilingi 2,500, sawa na shilingi 83 kwa siku. Kipato kimeshuka kwa nusu, lakini pesa za chakula, maji, makaa, sabuni na dawa zimeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo maana mtu aliyesema kwamba biashara imekuwa nusu na mtu aliyesema kwamba watoto wanalala njaa wangeweza kuwa mtu mmoja, wala hakuna aliyetia chumvi.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusogezwa. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliofanywa katika miezi ya mwanzo ya janga ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya kaya zilizopanga hazikuweza kulipa kodi kwa tarehe iliyokubaliwa. Kusogeza ni kitenzi cha kuzingatiwa. Anayesogeza kodi hajakataa kulipa, amehamisha tarehe. Baadhi ya wenye nyumba walikubali, kwa kuwa chumba kitupu hakilipi kitu. Wengine waliripotiwa kung'oa milango au mabati ili mpangaji aondoke mwenyewe. Ikumbukwe pia, ingawa mara nyingi husahauliwa, kwamba katika mitaa mingi mwenye nyumba naye ni mjane au mstaafu anayeishi kwa kodi za vyumba vinne au vitano, na nyuma yake ana mkopo wa benki.

Kadogo na gorogoro

Katika majuma ya kwanza baada ya tangazo la tarehe 13 Machi, maduka makubwa ya Nairobi yalijaa watu wanaosukuma vitoroli vya unga, mchele na karatasi za msalani. Ushauri uliotolewa ulikuwa mwema: watu wajiwekee akiba ya chakula, watoke nyumbani mara chache. Ushauri huo ulidhani kwamba kila kaya hununua kwa wingi. Kaya nyingi za Nairobi hununua kadogo.

Neno hili linastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu. Kiswahili sanifu hakina ngeli ya KA-TU. Udogo huonyeshwa kwa KI-VI, kama katika kijito, kijiji na kijumba. Wazungumzaji wa bara, kwa athari ya lugha jirani za Kibantu kama vile Kikikuyu na Kikamba, wameiingiza ka- katika mazungumzo yao: katoto, kanyumba, kagari. Walimu husahihisha, na wana haki ya kusahihisha katika insha. Hata hivyo, kidogo na kadogo si neno moja lililotamkwa vibaya. Kidogo ni kivumishi au kielezi cha kiasi. Kadogo, katika soko la Nairobi, ni nomino: ni bidhaa iliyofungashwa au kupimwa kwa kiwango cha pesa alizonazo mtu mkononi. Mafuta ya kupikia ya shilingi 20 ni kadogo. Majani ya chai ya kutosha birika moja ni kadogo. Sukari hupimwa kwa robo, na githeri iliyokwisha kuchemshwa hupimwa kwa kikombe ili mnunuzi asiingie gharama ya makaa.

Katika ngazi iliyo juu ya kadogo kuna gorogoro, mkebe wa takriban kilo mbili unaopimia mahindi, maharagwe na viazi. Waswahili wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na kibaba kimesalia hai katika methali ya haba na haba. Linganisho hili halikosi kinaya. Kibaba cha methali hujazwa polepole mpaka kikajaa. Gorogoro ya mtaani huenda kinyume, kwani huanza ikiwa imejaa. Kaya iliyokuwa ikinunua gorogoro moja nzima ilishuka ikanunua nusu, kisha ikashuka hadi kwenye kadogo. Kila hatua ya kushuka iliongeza bei ya kila kilo, maana anayenunua kwa vipimo vidogo hulipa zaidi kwa jumla. Maskini hulijua hilo fika. Hununua muda kwa bei ghali kwa sababu shilingi 20 anazo leo, na shilingi 300 hana.

Bidhaa mpya pia ziliingia katika bajeti hiyo finyu. Sabuni na maji ya kunawa yalitakiwa kila saa, na maji katika mitaa kama Kibera na Mathare hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Barakoa, neno ambalo zamani lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa Unguja na Oman, sasa ikawa kitambaa cha kununuliwa na kila mtu, pamoja na hofu ya kukamatwa kwa kutokuwa nayo. Baadhi ya mafundi wa cherehani walipata riziki ya miezi michache kwa kushona barakoa. Ni kati ya biashara chache zilizoletwa na janga lenyewe.

Daftari la duka na simu ya mkononi

Pesa taslimu zilipokwisha, kaya iligeukia maneno mawili: kuandikiwa na kufuliza.

Kuandikiwa ni kauli ya kutendewa iliyojengwa juu ya kauli ya kutendea. Mnunuzi haandiki, anaandikiwa. Mwenye duka ndiye mwenye kalamu. Daftari hilo la kurasa zilizokunjamana ndiyo benki kongwe zaidi ya mtaa, na masharti yake hayakuandikwa popote. Mwenye duka hukopesha anayemfahamu, aliye na mtoto anayeonekana akipita kwenda shule, ambaye hajahama usiku mwezi uliopita. Ubao wa dukani unaweza kutangaza kwamba mkopo ni kesho, huku daftari likijaa chini ya meza. Methali ya kukopa harusi, kulipa matanga huelekezwa kwa mkopaji, lakini katika mwaka 2020 matanga yalikuwa ya mwenye duka pia. Yeye hununua bidhaa kwa muuzaji wa jumla kwa pesa taslimu. Wateja thelathini wakiandikiwa kwa miezi miwili, rafu huanza kuonyesha mbao. Kuna maduka yaliyofungwa yakiwa na wateja tele wanaodaiwa, na hapo kaya zilizotegemea daftari zilipoteza duka na mkopo kwa pamoja.

Fuliza ni neno kongwe lililopata kazi mpya. Katika kamusi za Kiswahili sanifu lina maana ya kwenda au kutenda jambo mfululizo, bila kusita. Januari 2019, kampuni ya Safaricom na benki shirika zililitumia kuita huduma inayomruhusu mtumiaji wa M-Pesa kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi. Uteuzi wa neno ulikuwa wa werevu mkubwa. Haliitwi deni wala mkopo, linaitwa kuendelea. Mama anayelipa shilingi 1,000 akiwa na shilingi 200 hasimamishwi, anafululiza. Kinachofululiza pamoja naye ni ada. Kwa viwango vya wakati huo, aliyechukua shilingi 1,000 alitozwa asilimia 1 mwanzoni, na baada ya hapo shilingi 10 kwa kila siku deni liliposalia. Kwa siku kumi hiyo ni shilingi 110. Na kwa kuwa pesa yoyote iliyoingia kwenye simu ililipa deni kwanza, kuna waliotumiwa shilingi 500 na ndugu kwa ajili ya unga, zikamezwa kabla ya kuonekana.

Haifai, hata hivyo, kuilaumu simu bila kuitendea haki. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada. Hatua hiyo, iliyokusudiwa kupunguza kushikana noti, iliwafaa hasa watu wanaosaidiana kwa viwango vya kadogo. Shilingi 150 ziliweza kutoka kwa dada wa Kayole hadi kwa kaka wa Kawangware zikafika zote 150. Katika uchumi wa watu wanaotoana njaa kwa zamu, tofauti hiyo si ndogo.

Serikali nayo ilikuwa na hatua zake, na zapaswa kutajwa kwa ufupi kwa kuwa nyingi zilifuata kalenda ya mwezi. Tarehe 25 Machi 2020 ilitangazwa kwamba anayepata mshahara usiozidi shilingi 24,000 hatatozwa ushuru wa mapato, na kwamba ushuru wa ongezeko la thamani utashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Hatua ya kwanza ilimfaa mwenye hati ya mshahara. Ya pili haikugusa unga wa mahindi wala mboga mbichi, kwa kuwa bidhaa hizo hazikutozwa ushuru huo hata hapo awali. Mradi wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wa mitaa duni kazi za usafi kwa zamu, ujira ukiwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili, ingawa malalamiko ya kucheleweshewa malipo yalikuwa mengi. Ulikuwepo pia msaada wa shilingi 1,000 kwa juma uliotumwa kwa simu. Shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba ulifikia sehemu ndogo sana ya waliouhitaji jijini Nairobi. Msaada huo, kwa umbo lake, ndio uliokuwa karibu zaidi na kalenda ya mtaa: mdogo, wa mara kwa mara, na wa moja kwa moja. Kasoro yake ilikuwa uchache wa waliopewa na siri iliyoghubika namna walivyochaguliwa.

Chama, mashambani na jirani

Kaya za Kiafrika mjini hazijawahi kusimama peke yake, na jambo hili huwapotosha wanaohesabu umaskini kwa kuta za nyumba. Kuna chama, kile ambacho Waswahili wa pwani na Tanzania hukiita upatu au mchezo: wanachama huchanga kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na mmoja wao hupokea chote kwa zamu. Chama kikitazamwa kwa makini, ni mashine ya kugeuza kalenda. Huchukua mapato ya siku, yasiyoweza kununua kitu kikubwa, yakageuka kitita cha kulipia karo au kununulia cherehani.

Korona ilikishambulia chama mahali pawili. Mikutano ilikatazwa, na mkutano katika chama ni sehemu ya dhamana: mtu hulipa kwa sababu atatazamwa usoni. Vyama vingi vilihamia kwenye vikundi vya simu, na ikaonekana kwamba aibu haisafiri vizuri kwa ujumbe. Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wanachama wa chama kimoja mara nyingi hufanya kazi ya aina moja katika soko moja, hivyo walikosa pesa siku moja. Akiba ya pamoja humwokoa mmoja anapougua. Wote wanapougua pamoja, haiwezi. Kuna vyama vilivyovunja sanduku vikagawana kilichokuwepo, na walioumia ni wale ambao zamu yao ilikuwa haijafika.

Mashambani nako kulikuwa benki. Kwa desturi, pesa hutoka mjini kwenda mashambani, na magunia ya mahindi, ndizi na viazi hutoka mashambani yakija mjini kwa basi. Tarehe 6 Aprili 2020 usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi ulisitishwa, na haukufunguliwa hadi Julai. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini furushi la bibi linalokabidhiwa utingo wa basi halikuwa na lori. Waliowahi kuwapeleka watoto na wake kwa wazazi kabla ya tarehe hiyo walipunguza vinywa mjini, wakaongeza vinywa kijijini. Waliochelewa walibaki na mitaa yao. Fedha za Wakenya walioko ng'ambo, ambazo wachumi wengi walitazamia zipungue, ziliongezeka na kufika dola bilioni 3.09 za Marekani mwaka 2020, kiasi kilichozidi cha mwaka uliotangulia. Waliokuwa na ndugu Marekani au Uingereza walikuwa na kamba ya kushika. Wenye ndugu katika mtaa wa pili tu walishikana mikono mitupu.

Mwishoni mwa Aprili 2020 vyombo vya habari vilieleza kisa cha mjane mmoja wa Mombasa aliyekuwa akifulia watu nguo, na ambaye kazi zilikuwa zimekauka. Alibandika sufuria motoni ikiwa na mawe ndani, akawaambia watoto wasubiri, akitumaini kwamba usingizi utawachukua kabla hawajauliza tena. Jirani alisikia vilio, akafika, akaona, akasema hadharani, na michango ikamiminika kwa simu kutoka kila pembe ya nchi. Msomaji aliyelelewa kwa visa vya Khalifa Umar bin Khattab atakikumbuka kile cha mwanamke aliyechemsha mawe usiku, naye Khalifa akaenda akabeba unga mgongoni mwake mwenyewe. Kufanana kwa visa hivi kulivuta machozi ya wengi, na pia kuliwafanya wengi waishie kwenye ukarimu wa wachangiaji. Sufuria yenyewe husema jambo jingine. Mama yule hakuwa akipika uongo kwa sababu ya uongo. Alikuwa akinunua muda kwa sarafu ya mwisho aliyobakiwa nayo, yaani imani ya watoto wake. Na kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, hata sarafu hiyo ilikuwa inakwisha, kwa kuwa watoto walikwisha kumwambia kwamba wanajua anawadanganya.

Kuuza kesho

Mpaka hapa mbinu zilizotajwa, kuanzia kusogeza kodi hadi kuandikiwa, ni za kununua muda. Zina gharama, lakini gharama hiyo hulipika iwapo kazi itarejea upesi. Tatizo ni kwamba kazi haikurejea upesi. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni, hadi saa tano mwezi Septemba, ikarudishwa nyuma tena, na haikuondolewa kabisa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba ajira zipatazo 737,500 zilipotea mwaka 2020. Kaya zilizokuwa zimepanga kuvuka majuma sita zilijikuta zikivuka mwaka.

Katika kipindi hicho cha pili ndipo kulipoanza kuuzwa vitu visivyopaswa kuuzwa. Kuna kuuza televisheni na kuna kuuza cherehani, na vitendo hivi viwili havifai kuwekwa katika safu moja ya orodha ya mbinu kama ilivyofanywa katika hojaji nyingi. Anayeuza televisheni amepoteza starehe. Anayeuza cherehani, toroli, au mashine ya kukobolea amekula chombo cha riziki, na atakaporuhusiwa kufanya kazi hatakuwa na cha kufanyia. Vivyo hivyo mama mboga aliyekula mtaji. Usemi huo, kula mtaji, una usahihi wa kutisha: mtaji wa shilingi 2,000 wa kununulia mboga alfajiri huweza kuliwa kwa siku nne tu, na kuujenga upya huchukua miezi.

Watoto nao waliingia katika hesabu hii. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi Oktoba, na wengine wote hawakurudi hadi Januari. Kwa watoto waliokuwa wakipata chakula cha mchana shuleni, kufungwa huko kuliongeza mlo mmoja katika bajeti ya nyumbani. Wengine walitumwa kuchuuza karanga, kuteka maji ya kuuza au kubeba mizigo, na kijana aliyeonja shilingi 200 zake mwenyewe hakurudi darasani kwa urahisi. Kwa wasichana hatari ilikuwa nyingine, na wazazi wengi waliijua bila kuitaja.

Kwa sababu hizo, neno ustahimilivu linahitaji kutumiwa kwa tahadhari katika taaluma. Kaya iliyopunguza milo kutoka mitatu hadi mmoja na kaya iliyosogeza kodi zote huandikwa kuwa zimestahimili. Moja imekopa siku, nyingine imekopa mwili wa mtoto, na mkopo wa pili hauna tarehe ya kurejeshwa. Lugha ya mtaa, tofauti na ya ripoti, haichanganyi mambo haya. Inasema huyu anasukuma, huyu amesota, huyu amekula mtaji.

Njaanuari ya 2021

Wakenya walikuwa na jina la Januari kabla ya Korona. Njaanuari ni mchanganyo wa njaa na Januari, na hutaja majuma yale marefu baada ya sikukuu, karo inapodaiwa na mshahara ujao uko mbali. Katika mwezi wa kawaida kuna tarehe za kona, zile siku za katikati ambapo mfuko umekwisha na mwisho wa mwezi haujaonekana. Njaanuari ni mwezi mzima wa kona.

Ile ya 2021 ilikusanya ndani ya siku tano mambo ambayo kaya ilikuwa imeyasogeza kwa miezi tisa. Tarehe 31 Desemba 2020 msamaha wa ada za M-Pesa kwa viwango vya hadi shilingi 1,000 ulifika kikomo. Tarehe 1 Januari ushuru wa ongezeko la thamani ulirudi asilimia 16. Tarehe 4 Januari milango ya shule ilifunguliwa, na mzazi akatakiwa kuleta karo ya muhula, sare ambayo mtoto alikuwa ameipita kimo, na barakoa mbili. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ya masomo ilibanwa: mihula minne ilifunguliwa ndani ya mwaka 2021, badala ya mitatu, na utaratibu wa kawaida haukurejea hadi Januari 2023. Wizara ilikuwa ikifidia muda wa wanafunzi. Kwa kaya ya kibarua, hatua hiyo iliongeza mwisho mwingine wa muhula katika mwaka ule ule, wakati kodi iliyosogezwa mwezi wa Mei ilikuwa bado inadaiwa, na majina yao yakiwa bado yamo katika daftari la duka, kwenye ukurasa ambao mwenye duka alikuwa ameukunja pembe ili aupate kwa haraka.